Kumtafuta Mlowezi wa Kale wa Kentucky: Fuata Ardhi na Majirani Kabla ya Jina

Mjini Lexington, Kentucky, Kiswahili kinasikika madukani na makanisani, maana ndugu zetu wengi waliotoka Kongo wamepafanya kwao. Watu wakikaa mahali huoana na wenyeji, na watoto huzaliwa wakiwa na babu mmoja wa Bukavu au Kigoma na mwingine wa Kentucky. Mwalimu akisema kila mtoto alete mti wa ukoo, upande wa kwetu unamalizwa kwa kumpigia shangazi simu. Upande wa pili ndiko kwenye kazi. Bibi wa huko atakuambia, "Watu wetu walikuja na Daniel Boone," na habari inaishia hapo. Karibu kila familia ya zamani ya Kentucky inasema hivyo, ilhali Boone, mwindaji maarufu, alipokata njia yake ya kuvuka milima kuingia Kentucky mwaka 1775 alikuwa na watu wapatao 30 tu.

Mwongozo huu ni wa anayemtafuta mtu aliyevuka milima ya Appalachia kwenda Kentucky kati ya 1770 na 1800 hivi. Mfano nitakaourudia ni Abraham Lincoln. Si rais, bali babu yake mzaa baba, mwenye jina hilohilo, aliyezaliwa Pennsylvania 1744 na kuuawa Kentucky 1786. Nimemchagua kwa sababu nyaraka zake zimepekuliwa na watu wengi kwa muda mrefu, na kwa sababu hata ukoo maarufu kiasi hicho ulisumbua vilevile.

Mlowezi wa aina hii hana cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, kaburi lake mara nyingi halina jiwe, na jina lake liliandikwa na makarani kwa namna masikio yao yalivyolipokea. Lakini alikuwa na ardhi, alidaiwa kodi, na hakuhama peke yake. Hayo matatu ndiyo yatakayokufikisha kwake.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Usimrukie mlowezi moja kwa moja. Wengi huanza na jina kubwa la 1780 halafu wanajaribu kuliteremsha hadi kwa bibi yao, na hapo ndipo ukoo wa watu wengine unapogeuka wao. Anza na wazee: majina, miaka, mahali, Biblia ya familia yenye kurasa za vizazi na vifo, picha zenye maandishi nyuma.

Kisha ingia kwenye sensa. Marekani huhesabu watu kila miaka 10 tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya karibuni zaidi iliyo wazi ni ya 1950. Sensa ya 1880 inaeleza kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru. Kabla ya hapo, kuanzia 1840 kurudi nyuma, utaona jina la mkuu wa kaya tu na idadi ya waliokuwamo kwa makundi ya umri. Ile ya 1890 iliharibika karibu yote kwa moto wa 1921 mjini Washington, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 pana shimo la miaka 20 la kuzibwa kwa nyaraka nyingine. Kwa Kentucky shimo la mwanzoni ni baya zaidi: sensa za 1790 na 1800 hazipo, na ya kwanza iliyobaki ni ya 1810. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo jimbo lilianza kuvitoa kwa utaratibu wa kudumu mwaka 1911.

Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya nyaraka za ukoo, ni ya bure na inafunguka kwenye simu popote ulipo. Ancestry, tovuti nyingine ya aina hiyo, ni ya kulipia, ila maktaba nyingi za umma Marekani huwaruhusu wasomaji kuitumia humo ndani bila malipo. Miti ya ukoo iliyopandishwa na watu wengine isome kama unavyosikiliza umbea: inaweza kukuonyesha pa kutazama, lakini haihesabiki kuwa ushahidi. Kosa moja likiingia kwenye mti mmoja, mwezi haupiti limeshanakiliwa kwenye mia.

Uwe na daftari. Andika kila ulichokitazama, hata pale ulipotoka mikono mitupu, la sivyo utakirudia kitabu kilekile baada ya mwaka.

Hatua ya 2: Jua mipaka ya kaunti kabla ya kumtafuta mtu

Nyaraka za Marekani ya zamani ziko chini ya kaunti, kwenye ofisi ya karani wa mahakama. Kaunti nazo zilikuwa zikigawanywa kila mara, kwa hiyo mtu angeweza kukaa shamba moja miaka 20 na nyaraka zake zikawa katika miji mitatu.

Tazama akina Lincoln. Mwaka 1768 baba yake Abraham, aliyeitwa John, alinunua shamba kwenye kijito cha Linville, Virginia, wakati huo Augusta County. Mwaka 1778 sehemu hiyo ikamegwa kuwa Rockingham County. John hakuhama hata hatua moja. Kentucky yenyewe ilikuwa sehemu ya Virginia: ilimegwa kutoka Fincastle County ikawa Kentucky County mwishoni mwa 1776, ikagawanywa 1780 kuwa Jefferson, Fayette na Lincoln, kisha zikazidi kukatwa, na 1792 ikawa jimbo kamili. Leo ina kaunti 120. (Lincoln County, kabla hujachangamka, ilipewa jina la jenerali Benjamin Lincoln. Haiwahusu hawa.)

Maktaba ya Newberry ya Chicago ina atlasi ya bure mtandaoni inayoonyesha mipaka ya kila kaunti kwa tarehe. Weka mwaka wako, utazame shamba liko kaunti gani, halafu andika kaunti mama na kaunti jirani zote. Hiyo ndiyo orodha yako ya mahali pa kutafuta.

Uliza pia kama mahakama iliwahi kuungua. Ofisi ya karani wa Fayette iliungua 1803, na hati zilizookolewa zilinakiliwa upya vitabuni. Nyaraka za Rockingham ziliungua kwa sehemu mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuungua hakumaanishi kwisha. Watu walirudi na nakala zao za nyumbani zikaandikwa upya, kwa hiyo hati ya 1790 unaweza kuikuta kwenye kitabu cha baada ya moto.

Hatua ya 3: Vitabu vya kodi, mwaka kwa mwaka

Sensa zikikosekana, kodi ndiyo hukaa mahali pake. Virginia ilianza kuorodhesha mali kwa ajili ya kodi mwaka 1782 na Kentucky ikaendelea na utaratibu huo tangu 1792. Picha za vitabu hivyo ziko FamilySearch. Ni kazi ya macho, kwa sababu nyingi hazijatiwa faharasa ya kuaminika na inabidi ufungue ukurasa baada ya ukurasa.

Usitazame mwaka mmoja ukaridhika. Pitia yote kwa mfululizo, ukiandika mstari mzima: wanaume wazungu waliozidi miaka 21, waliozidi 16, watumwa, farasi, ekari, na kijito ambacho shamba lipo. Kijana akionekana kwa mara ya kwanza kwa jina lake, huenda ametimiza 21 mwaka huo, na umeshapata makadirio ya mwaka wa kuzaliwa. Mzee akitoweka na mwaka unaofuata pakasomeka jina la mwanamke mwenye farasi walewale na kijito kilekile, basi mume amefariki. Kuna safu watu wengi huipita: vitabu vya Kentucky vinaandika pia ardhi hiyo awali ilisajiliwa, ikapimwa na kupewa hati kwa jina la nani. Jina hilo likiwa la mtu mwingine, mtafute, maana ndiye aliyeuza au aliyerithisha.

Hapo utakutana na akina John watatu wenye ukoo mmoja kwenye kaunti moja. Kuwatenganisha, tumia kijito. Usitegemee "Senior" na "Junior": zamani zile mara nyingi zilimaanisha mkubwa na mdogo wa jina moja waliokaa karibu, hata kama ni mtu na mpwa wake, au hawana udugu wowote.

Hatua ya 4: Ardhi

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Ardhi ya Kentucky ilipitia hatua nne, na kila hatua iliacha karatasi. Kwanza hati ya kibali, iliyompa mtu haki ya kudai ekari fulani bila kusema wapi. Pili, usajili wa dai kwenye kitabu cha mpima ardhi, ukitaja mahali. Tatu, upimaji wenyewe. Nne, hati ya umiliki iliyotiwa saini na gavana. Sheria ya Virginia ya 1779 ilimpa aliyekaa au kulima mahindi kabla ya 1778 haki ya ekari 400, pamoja na nafasi ya kwanza ya kununua 1,000 nyingine zilizopakana nazo. Asiyekuwa na haki hiyo alinunua kibali hazina kwa pauni 40 kila ekari 100. Picha za karatasi hizi ziko wazi bure kwenye tovuti ya ofisi ya ardhi ya Kentucky, iliyo chini ya katibu wa jimbo mjini Frankfort.

Mwezi Machi 1780 Abraham alilipa pauni 160 kwa kibali cha ekari 400. Ukimtafuta kwa herufi za "Lincoln" humwoni: karani aliandika "Linkhorn". Kwa hiyo kabla ya kutafuta, tamka jina kwa sauti, uandike kila namna ambayo mtu wa Virginia au Mjerumani wa Pennsylvania angeweza kulisikia.

Shamba lilipimwa tarehe 7 Mei 1785 kwenye kijito cha Long Run, Jefferson County. Maelezo yake yanaanzia kwenye mti wa mepo wa sukari uliochongwa herufi, yanakwenda mashariki poli 300 hadi kwenye popla na mepo, kaskazini poli 213 na theluthi hadi kwenye mbiichi, magharibi poli 300 hadi kwenye mwaloni mweupe na mhikori, kisha kusini hadi mwanzo. Poli moja ni futi 16 na nusu, kama meta 5 na kidogo, na poli za mraba 160 ni ekari moja. Zidisha 300 kwa 213 na theluthi, ugawe kwa 160. Unapata 400 kamili. Fanya hesabu hiyo kwa kila upimaji unaoushika: isipotimia, kuna tarakimu imenakiliwa vibaya au mstari mzima umerukwa. Halafu chora shamba kwenye karatasi ya miraba, uchore na ya jirani. Miti ya pembeni ikilingana, umepata mpaka wa pamoja, na jirani huyo mwingie kwenye daftari.

Usiishie kwenye ramani. Chini yake huandikwa walioshika mnyororo wa kupimia na aliyetia alama kwenye miti. Kazi hiyo ilifanywa na ndugu, shemeji na watoto wa jirani, kwa sababu ndio waliokuwepo. Kwa Abraham walioshika mnyororo ni Ananiah Lincoln na Josiah Lincoln, na mtia alama ni Abraham Linkhorn mwenyewe. Katika karatasi moja jina la ukoo limeandikwa kwa namna mbili, na ndugu wawili wamejitokeza bila kutafutwa. Sasa usikimbilie kuandika kwamba Josiah ni mwanawe. Ni kweli Abraham alikuwa na mtoto wa kiume Josiah, lakini huyo alizaliwa 1773. Siku ya upimaji alikuwa na miaka 11, na kuburuta mnyororo wa chuma msituni si kazi ya umri huo. Orodhesha kila Josiah Lincoln wa wakati huo, Virginia na Kentucky, kabla ya kuamua.

Karatasi hii inafanya na jambo lingine. Mwaka 1859 Lincoln mjukuu aliandika kwa mkono wake kwamba babu yake alihamia Kentucky karibu 1781 au 1782 na akauawa mwaka mmoja au miwili baadaye. Lakini Mei 1785 babu huyo alikuwa hai, ametia alama miti ya shamba lake. Kama mjukuu mwenye akili ile, aliyesimuliwa na baba aliyeshuhudia mauaji, alikosea mwaka, simulizi ya bibi wa Lexington nayo iheshimu lakini ipime.

Ardhi ya Kentucky ilipimwa ovyo, madai yakapandana, na watu wakashtakiana miaka nenda rudi. Kwa mtafutaji ni neema. Mafaili ya kesi hizo yamejaa maelezo ya mashahidi waliokula kiapo: umri wa shahidi, mwaka aliofika, alifika na nani, walilala kwenye chemchemi ipi, nani alichonga herufi kwenye mti upi. Mzee wa miaka 60 akieleza mwaka 1804 alivyopita mahali fulani 1776 anakupa habari ambayo hakuna sensa ingekupa. Tafuta kesi hata kama mtu wako si mlalamikaji wala mshtakiwa. Huenda yumo kama shahidi wa jirani. Tangu 2024 FamilySearch ina utafutaji wa maneno ndani ya maandishi ya mkono, na kwa hati za ardhi na mirathi za Marekani umebadilisha kazi hii kabisa. Andika ukoo pamoja na jina la kijito.

Thomas, mwana wa Abraham na baba yake rais, alihangaishwa na migogoro hiyohiyo. Mwaka 1816 alihamia Indiana, na mwanawe alikuja kuandika kwamba sababu kubwa ilikuwa ugumu wa hati za ardhi Kentucky. Indiana ilikuwa ardhi ya serikali kuu, iliyopimwa kwa miraba iliyonyooka kabla ya kuuzwa. Thomas alisajili ekari 160 mwaka 1817 kwenye ofisi ya Vincennes, na 1827 akapata hati ya 80. Kwa majimbo ya namna hiyo, Ohio na Illinois yakiwamo, hati ziko bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, Bureau of Land Management. Kentucky na Tennessee hazimo humo, usipoteze siku.

Hatua ya 5: Mahakama ya kaunti

Mirathi kwanza. Wosia hutaja watoto, ila usidhani umewataja wote: aliyepewa ardhi mapema mara nyingi hatajwi. Abraham hakuacha wosia. Aliuawa 1786 akifanya kazi shambani, na kwa sheria ya Virginia ya wakati huo ardhi ya asiye na wosia ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Sheria ya kugawa kwa watoto wote ilianza kutumika 1 Januari 1787, miezi michache tu baada ya kifo chake. Ndiyo maana Mordecai, mkubwa, alipata ardhi, na Thomas akakua akifanya vibarua. Ukikuta mtoto mmoja ana mashamba na wenzake hawana kitu, tazama tarehe ya kifo cha baba kabla ya kuhisi ugomvi.

Msimamizi wa mirathi yake aliteuliwa Nelson County, ingawa shamba la Long Run lilikuwa Jefferson. Angetafutwa Jefferson peke yake, asingeonekana. Soma orodha ya mali mpaka mwisho, farasi na bunduki na sufuria, na ya mnada ikiwepo usome majina ya wanunuzi. Mjane na wakwe huwa wa kwanza kununua.

Wanawake hujitokeza zaidi kwenye hati za mauzo. Mume akiuza ardhi, mke aliulizwa faraghani kama anaachia haki yake ya ujane kwa hiari, na jina lake likaandikwa. Waandishi wa zamani walimpa Abraham mke aliyeitwa Mary Shipley. Hati ya 1780 ya kuuza shamba la Virginia inamtaja mkewe kuwa Bersheba, yaani Bathsheba, na hati hiyo iliandikwa mwenyewe yu hai.

Kwa ndoa, Virginia na Kentucky zilidai dhamana ya pauni 50, iliyosainiwa na bwana harusi na mdhamini. Mdhamini huwa baba au kaka wa bibi harusi, au mlezi wake. Dhamana ya Thomas Lincoln na Nancy Hanks ni ya 10 Juni 1806, mdhamini Richard Berry, na ndoa ilifungwa siku mbili baadaye na mhubiri Jesse Head. Karatasi hiyo ilitafutwa Hardin County, alikozaliwa rais, isionekane, mpaka pakazuka maneno kwamba wazazi wake hawakuoana. Ilikuwa Washington County, bibi harusi alikokuwa akiishi. Ndoa hufungwa kwao binti. Kwetu nako si hivyo?

Kusoma mwandiko kuna desturi zake. "Jno." ni John wala si Jonathan, "Jas." ni James, s ndefu hufanana na f, na "do" chini ya neno maana yake ni kama hapo juu. Tarehe za kabla ya 1752 zina mtego zaidi, kwa sababu mwaka mpya ulianza 25 Machi na kalenda ilikuwa nyuma kwa siku 11. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, sawa na 22 Februari 1732 kwa hii yetu. Nakili tarehe kama ilivyo, tafsiri yako iweke pembeni.

Hatua ya 6: Pensheni za vita vya uhuru

Mlowezi wako akiwa alipigana vita vya Marekani kujitoa kwa Uingereza na akaishi mpaka 1832, una bahati. Sheria ya mwaka huo iliwapa pensheni waliopigana angalau miezi sita, hata wanamgambo. Karatasi za jeshi nyingi ziliungua Novemba 1800, kwa hiyo mzee alisimama mahakamani na kusimulia: alizaliwa wapi na lini, aliishi wapi alipoitwa, amehamia wapi tangu hapo, nani anamfahamu. Ni tawasifu ya mtu asiyejua kuandika, na mwisho wake ameweka alama ya X. Mafaili ya wajane yana zaidi, maana walitakiwa kuthibitisha ndoa, na baadhi walichana ukurasa wa Biblia ya nyumbani wakautuma Washington. Bado umo humo. Faili lenye herufi R ni la aliyekataliwa. Lisome hilo kwanza, kwa sababu aliyekataliwa alijieleza kwa kirefu.

Hatua ya 7: Rudi naye mashariki kwa kupitia majirani

Umemweka mtu wako Kentucky, sasa unataka kujua alitoka wapi. Andika majirani wote, walioshika mnyororo, wadhamini na mashahidi wa hati, kisha watafute hao kwenye kaunti za Virginia, Carolina na Pennsylvania. Ukiwakuta watano pamoja mahali pamoja, naye yupo karibu. Watu walihama kwa makundi: mwaka 1781 kanisa zima la Wabaptisti wa Spotsylvania, Virginia, lilihamia Kentucky na mchungaji wao Lewis Craig.

Ukoo wa Lincoln unaonyesha hivyo pia. Mordecai, babu yake Abraham, alipofariki Pennsylvania 1736 wosia wake ulimtaja George Boone kuwa rafiki na jirani wa kumsaidia mjane. Mwaka 1760 Lincoln mmoja akamuoa Anne Boone, na Wakweka (Quakers, dhehebu la Kikristo) wa Exeter wakaandika kwamba binti ameolewa nje ya taratibu zao. Koo hizo mbili zilikutana tena Kentucky. Kwa hiyo yule bibi na Boone wake, usimcheke haraka.

Kwa simulizi za wazee wenyewe kuna hazina moja. Lyman Draper (1815–1891) alitumia maisha yake kuwahoji walowezi na watoto wao, akiwamo Nathan, mwana wa Daniel Boone, mwaka 1851. Makaratasi yake yako Wisconsin Historical Society mjini Madison, na filamu zake zimesambaa katika maktaba kubwa.

Wale ambao nyaraka ziliwaacha nje

Wengi waliovuka milima hiyo walivushwa kama mali. Sensa za 1850 na 1860 zinawaorodhesha watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye kuwamiliki, bila majina yao. Ni mwaka 1870 ndipo wote wanapata majina. Ukimtafuta mtu wa upande huu, geuka umtafute mmiliki: wosia wake, orodha ya mali, hati za mauzo, alichowapa binti zake walipoolewa. Inauma kusoma mtoto akitajwa kati ya ng'ombe na kitanda, lakini mara nyingi ndipo pekee jina lake lilipo. Hati za kuachiwa huru ziko kwenye vitabu vilevile vya ardhi. Kwa njia hiyo maisha ya Frank McWorter yanafuatilika: alizaliwa utumwani South Carolina 1777, akapelekwa 1795 sehemu ya Kentucky iliyokuja kuwa Pulaski County, akachimba shura ya baruti kwa muda wake wa ziada, akamkomboa mkewe Lucy 1817 kwa dola 800 na yeye mwenyewe 1819 kwa dola 800 nyingine. Nyaraka za Kentucky zinamwita Free Frank. Jina la McWorter alipewa kwa sheria ya bunge la Illinois mwaka 1837, baada ya kuanzisha huko mji wa New Philadelphia. Ukimtafuta McWorter kabla ya hapo, unatafuta mtu ambaye karatasi hazimjui.

Na familia ikikuambia mzee wao "aliuawa na Wahindi", yaani wenyeji wa asili wa Marekani, andika pia kwamba Washawnee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao, hawakuuza ardhi hiyo. Mkataba wa Fort Stanwix wa 1768 Waingereza waliufunga na Wairokwoi waliokaa mbali kaskazini.

DNA, na bahari

Kipimo cha kawaida cha DNA hupungua nguvu haraka: hata binamu wa kizazi cha nne, karibu nusu yao hawalingani kabisa. Mlowezi wa 1750 yuko mbali kuliko hapo. Kipimo cha mstari wa baba hufaa kutenganisha koo mbili zenye jina moja, na cha mstari wa mama kilisaidia 2015 kumaliza ubishi kuhusu Nancy Hanks, kwa kulinganisha wazao wa kike mpaka ikaonekana kwamba mama yake alikuwa Lucy Hanks. Lipia ukiwa na swali la namna hiyo mkononi. Kupima kwa kutamani tu huleta orodha ya majina elfu usiyoweza kuyafanyia kitu.

Kuvuka Atlantiki fanya mwisho kabisa, ukiwa na jina la kijiji. Mwaka 1859 rais aliandika kwamba juhudi za kuunganisha watu wake na akina Lincoln wa New England zilifikia kwenye kufanana kwa majina tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Watafiti waliokuja baada yake hawakuanza Uingereza. Walipanda ngazi moja moja kupitia wosia na hati za ardhi: Thomas, Abraham, John, Mordecai aliyehamia New Jersey kisha Pennsylvania, baba yake Mordecai wa Massachusetts, mpaka Samuel, kijana aliyefika 1637 na kwenda kukaa Hingham, Massachusetts. Alitoka mji mwingine wa Hingham, ulioko Norfolk, na ni hapo tu ndipo ilipofaa kufungua vitabu vya kanisa vya Uingereza.